Maswali ya Gereji: Kutia aux kwenye redio iliyokuja na gari

Safari hii barua nyingi zinalia kilio kimoja: gari limetoka Japani na redio nzuri, lakini hakuna aux, yaani tundu la kuchomeka simu. Tumechagua sita. Ya kwanza imepata jibu refu kwa sababu karibu zote zinaigusa.

SWALI: Nina Toyota Spacio yenye redio ya kiwandani ya CD na kaseti. Kila fundi ninayemwendea ananiambia niing'oe niweke ya skrini. Mimi naipenda hii, sauti yake ni nzito na vitufe vyote bado vinafanya kazi. Naweza kuitia aux bila kuiharibu?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Unaweza, ndugu yetu, na usikubali kuing'oa. Redio nyingi za skrini za bei rahisi zina amplifaya dhaifu kuliko hiyo uliyo nayo.

Anza kwa kuitoa uone mgongo wake. Fremu ya plastiki inayoizunguka imeshikwa na klipu tu. Ipenyeze kwa bisibisi bapa uliyoifunga tepu, kuanzia chini, wala usiivute kwa pupa kwa sababu swichi ya hazadi mara nyingi imefungwa kwenye fremu hiyo na waya yake ni fupi. Ndani utakuta boliti nne za spana namba 10. Plagi yoyote ya njano utakayoikuta humo iache kama ilivyo, hizo ni za eabegi.

Nyuma ya redio za Toyota kuna plagi mbili unazozihitaji kuzijua: ya miguu 10 inayobeba umeme na spika za mbele, na ya miguu 6 ya spika za nyuma. Huna sababu ya kukata waya hata moja hapo. Tunasema hivi kwa sababu wapo wanaounga waya ya simu moja kwa moja kwenye waya za spika. Waya za spika za redio za kisasa hubeba volti 6 au zaidi hata wimbo usipocheza, nusu ya umeme wa betri, na zikiingia kwenye tundu la hedifoni simu inaweza kufa papo hapo.

Ukikuta tundu la tatu, pana, la miguu 12, umepata bahati. Hilo ni la chenja ya CD, kile kisanduku cha pembeni kinachobeba CD kadhaa. Ila ukiingiza sauti humo bila zaidi, redio itanyamaza, maana inasubiri chenja iitikie kwa lugha yake ya dijitali kabla haijafungua mlango wa sauti. Vipo visanduku vinavyojifanya chenja, mfano vya Yatour, vyenye aux na USB. Toyota ilitumia plagi za aina mbili, kubwa yenye safu za miguu mitano na saba, na ndogo yenye safu mbili za miguu sita sita. Piga picha tundu lako kabla ya kununua. Kisanduku kikifaa, kazi yako imeishia hapo na redio hata hukuifungua.

Kama tundu hilo halipo, inabidi kuingia ndani. Fahamu kwanza njia ya sauti. Tyuna (sehemu inayoshika stesheni), kaseti na CD kila kimoja hutoa sauti ndogo ya kushoto na kulia. Zote hukutana kwenye chipu moja inayochagua chanzo na kurekebisha sauti, besi na treble. Zikitoka hapo huenda kwenye amplifaya, kisha spika. Simu yako inatakiwa iingie kabla ya chipu hiyo, lakini isiingie kwenye kichwa cha kaseti. Kichwa hutoa umeme usiofika hata milivolti moja, na saketi inayokifuata huukuza mara nyingi huku ikiiinua besi zaidi. Simu hutoa mamia ya milivolti. Ukiipitisha huko utapata mngurumo uliopasuka, kama spika iliyochanika.

Kuipata chipu, fungua mfuniko wa juu na usome namba. Mfano TDA7313 au TEA6320: andika namba hiyo kwenye simu, utaona mchoro wenye miguu ya kuingilia ya kila chanzo. Namba ikiwa imefutika, kuna njia ya kupapasa. Rudisha plagi za gari, laza redio juu ya taulo karibu na gia, iwashe. Chukua waya yenye pini ya 3.5 mm, ethi yake (waya ya hasi) ifunge kwenye bodi ya redio, na kwenye waya ya kushoto unga kapasita ya 1 µF. Cheza wimbo, sauti ya simu iwe robo, kisha gusa kwa mguu wa kapasita sehemu moja moja karibu na soketi inayotoka kwenye tyuna. Wimbo ukitoka safi na ukafuata kitufe cha sauti cha redio unapokizungusha, hapo ndipo. Ukisikika lakini kitufe hakiubadilishi, umepita mbele ya chipu. Ukisikika mzito, umekwaruzika na unapasua masikio, uko nyuma sana, kwenye upande wa kaseti. Ncha ya kugusia iwe nyembamba na uifunike plastiki hadi karibu na mwisho. Ikigusanisha miguu miwili yenye umeme, hutakuwa na redio ya kutia aux.

Sasa chanzo kipi ukiteke? CD haifai sana, kwani bila diski redio hurudi yenyewe kwenye FM, na itabidi uunguze CD ya kimya ya dakika 74 na kuichezesha muda wote. Kaseti nayo huzima sauti mota isipozunguka. Sisi tunapendelea tyuna, ukiiweka kwenye AM. AM haigeuki yenyewe, haidai diski, na watu wengi mjini hawaigusi.

Nunua soketi ya 3.5 mm yenye miguu mitano na swichi ndani. Kata njia ya kushoto na ya kulia zinazotoka tyuna kwenda kwenye chipu. Upande wa tyuna unga kwenye miguu ya swichi, upande wa chipu unga kwenye miguu ya sauti, na mguu wa tano ni ethi. Pini isipokuwemo, redio inaimba kama kawaida. Ukiichomeka, tyuna inakatika yenyewe na simu inachukua nafasi. Hakuna swichi ya ziada ya kubonyeza.

Kwenye njia hiyo karibu kila redio ina kapasita ndogo kabla ya chipu. Kata nyuma yake, upande wa tyuna, ili uitumie hiyo hiyo. Ukilazimika kukata mbele yake, weka yako kwa kila upande: 1 µF inatosha, 2.2 µF ni nzuri, lakini 0.1 µF itaanza kula besi. Ikiwa ni ya aina yenye chanya na hasi, pima kwa mita, na mguu wa chanya uelekee kwenye chipu, kwa sababu huko ndiko kuna volti 4 au 5 za kudumu.

Kutoka kwenye bodi hadi kwenye soketi tumia waya yenye wavu, mita moja hadi moja na nusu. Ethi uichukue kwenye bodi, jirani na chipu, si kwenye chuma cha gari. Soketi yenyewe iwe ya plastiki, au uizungushie plastiki isiguse chuma. Pa kuiweka ni kwenye kile kifuniko tupu cha swichi kilicho upande wa kulia wa usukani. Shimo la milimita 6 linatosha soketi nyingi, na siku ukiuza gari unabadilisha kifuniko tu.

Ukisikia vyombo vinalia kwa mbali na sauti ya mwimbaji imepotea kabisa, ethi haikushika: unasikia tofauti ya kushoto na kulia, na mwimbaji huwa amewekwa katikati, hivyo anafutika. Sauti ikipasuka hata simu ikiwa nusu, punguza kwa rezista: 10 kΩ kwenye njia, kisha 4.7 kΩ kutoka baada yake hadi ethi, kila upande, utabaki na takriban theluthi ya volti. Na kama redio ni ya spika moja, usifunge kushoto na kulia pamoja hivi hivi. Pitisha kila mmoja kwenye rezista ya 1 kΩ ndipo uziunganishe.

SWALI: Niliwekewa aux na inafanya kazi vizuri. Shida ni kwamba nikichaji simu garini, kuna mluzi unaopanda na kushuka nikikanyaga mafuta. Fundi anasema nibadilishe alteneta.
Msomaji, Jinja

JIBU: Alteneta iache kwanza. Chomoa chaja, simu ibaki kwenye aux. Mluzi ukikata, ugonjwa ni ethi mbili: simu inapata ethi kupitia chaja na nyingine kupitia waya ya aux, na kati ya sehemu hizo mbili za gari kuna tofauti ndogo ya umeme inayocheza na mwendo wa alteneta. Redio inaikuza kama vile ni muziki.

Dawa ni kitenganishi cha aux, kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinachoingia katikati ya waya. Sauti inapita kwa sumaku, ethi haipiti. Vile vidogo kabisa vyenye ukubwa wa kidole hupunguza besi, kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchagua chukua kinene zaidi.

Mluzi ukibaki hata chaja ikiwa nje, angalia ethi ya aux ilichukuliwa wapi. Mara nyingi utaikuta imefungwa kwenye boliti ya dashibodi. Ihamishie kwenye bodi ya redio.

Hali ni hiyo hiyo kwa walioweka moduli ya Bluetooth ndani ya redio. Moduli inakula umeme na kutoa sauti kwa ethi ile ile, na inalia hata bila chaja. Hapo weka konveta ndogo ya B0505S kati ya volti 5 na moduli: inaingia volti 5 na kutoa volti 5 zisizogusana na ethi ya mwanzo. Ni ya wati moja, yaani milampia 200, na moduli ya kawaida haifiki hapo. Umeme wenyewe uchukue kwenye waya ya ACC, ambayo kwa Toyota ni ya kijivu, usichukue kwenye ile ya buluu yenye mstari wa njano. Hiyo haizimiki hata ukitoa ufunguo, na moduli itainyonya betri gari likiwa limelala.

SWALI: Nafanya special hire, teksi ya kukodiwa. Nilinunua transmita ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, lakini nikitoka Ntinda kuelekea mjini stesheni zinaifunika. Redio yangu inaishia 90.
Dereva, Kampala

JIBU: Redio ya Japani ya zamani hushika FM kuanzia 76 hadi 90, na transmita nyingi huanzia 87.5. Kwa hiyo umebakiwa na kichochoro cha megahezi mbili na nusu tu, na Kampala kichochoro hicho kimejaa: Sanyu iko 88.2, CBS iko 88.8 na 89.2, Radio One iko 90.0. Ukikaribia minara, transmita yako ya nguvu ndogo haina ubavu.

Lakini upande wa chini una uwanja mzima usio na stesheni. Tafuta transmita iliyoandikwa 76–108, iweke 77 au 79, na redio iweke hapo hapo. Abiria wako watadhani umebadilisha redio. Kabla ya kulipa, washa transmita dukani uone kama namba kweli inashuka chini ya 87.

Kama gari lina ekspanda ya FM nyuma ya redio, hesabu inabadilika. Ekspanda hupunguza masafa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye ganda lake. Ikiwa ni 16, Simba ya 97.3 utaipata kwenye 81.3, na transmita yako ukiiweka 95.0 itasikika kwenye 79.0.

Ukitaka utulivu zaidi, nunua ile ya waya, inayoingia katikati ya waya ya antena na kuikata antena ukiiwasha. Stesheni za nje hazina pa kupenyea tena. Sauti yake bado haifikii aux ya kweli, kwa sababu FM yenyewe inaishia kwenye kilohezi 15, lakini kwa mtu wa barabarani siku nzima inatosha.

SWALI: Lori langu ni la volti 24. Nimeunguza moduli mbili za Bluetooth. Kijana mmoja hapa mpakani amenishauri nichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili.
Dereva wa lori, Malaba

JIBU: Huyo kijana usimsikilize, mzee. Ukichukua umeme kwenye betri moja, hiyo inachoka na mwenzake anabaki amejaa. Chaja ya lori inaziona kama betri moja ya volti 24. Iliyojaa itachajiwa kupita kiasi hadi maji yachemke, na iliyochoka haitajaa kamwe. Zitakufa zote mbili.

Moduli ziliungua kwa sababu injini ikiwa inawaka lori hutoa takriban volti 28. Tumia konveta ndogo yenye LM2596, inayovumilia hadi volti 40 ukichukua ile ya kawaida. Irekebishe hadi volti 5 kwa kutumia mita kabla hujaiunga na moduli. Watu wengi huiunga kwanza kisha wakarekebisha, na inatoka kiwandani ikiwa imewekwa juu. Weka fyuzi ya ampia 1 kwenye waya ya chanya, karibu na mahali unapochukua umeme. Chipu ya 7805, inayoshusha umeme hadi volti 5, usiitumie hapa. Kwenye gari dogo inafaa, lakini kwa volti 28 na milampia 100 inalazimika kutupa zaidi ya wati mbili za joto, na bila bati la kupozea inajizima kila baada ya muda. Konveta ya LM2596 inaweza kuleta mluzi mwembamba. B0505S tuliyomtajia msomaji wa Jinja itautoa.

SWALI: Wish yangu ilikuja na skrini ya Toyota. Nilibadilisha betri, sasa inaonyesha maandishi ya Kijapani na neno ERC. Naweza kuweka aux nikaendelea kuitumia?
Msomaji, Gulu

JIBU: Hapana. Redio imejifunga yenyewe ilipokosa umeme, na aux haiwezi kupita mlango uliofungwa. Piga picha ya namba zote zilizo kwenye skrini, kwa sababu namba ya kufungulia inapatikana kutokana na hizo, na kadi ya SD ya ramani usiitoe hata kama ramani ni ya Osaka; nyingi za aina hiyo hugoma bila kadi yake. Ukiifungua, tafuta kwanza alama ya Bluetooth kwenye menyu. Nyingi zinayo tayari na utakuwa umeokoa pesa ya aux.

Siku ya kubadilisha betri tena, unganisha betri ya pili kwa waya za kujampi kabla hujalegeza vichwa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ukishika vibano kwenye vichwa vya waya vyenyewe. Kichwa cha chanya kikitoka kifunike kwa kipande cha mpira. Kina umeme bado, na kikigusa bodi ya gari cheche zake si za mchezo.

SWALI: Natumia kaseti yenye waya kwenye Corona ya zamani. Inacheza kidogo, inageuka upande, inageuka tena, halafu inatemwa.
Msomaji, Arua

JIBU: Redio inadhani mkanda umefika mwisho. Inahisi mzunguko wa gurudumu, na gurudumu likikwama inageuza, kisha inakata tamaa. Fungua skrubu za kaseti hiyo uone meno ya plastiki ndani; jino moja lililovunjika linatosha kuleta usumbufu wote, na kaseti mpya ni rahisi kuliko kulitengeneza. Meno yakiwa mazima, tia tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye ekseli za gurudumu, si kwenye meno. Kisha safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, pamoja na kile kigurudumu cha mpira kilicho kando yake. Kikiwa na weusi unaong'aa kinateleza, hakivuti. Waya ya kaseti nayo ipitishe kwenye kona ya mlango wa kaseti, maana ikibanwa inainyanyua kaseti kutoka kwenye kichwa na upande mmoja wa sauti unafifia.